Mkwe Asiyeposa

Bineshi alikuwa amechoshwa na wanaume kwa jumla, na hasa na huyu mmoja aliyesimama nyuma yake mtumbwini, akisukuma upondo kama mtu aliyekula kiapo cha kunyamaza.

Tangu asubuhi walikuwa ndani ya mpunga mwitu wa ziwani. Mabua, marefu kupita kichwa, yalisimama juu ya maji, yamewazunguka pande zote. Kazi ya Bineshi ilikuwa kuyainamisha kwa kijiti cha mkono mmoja na kuyapura kwa kijiti cha mkono wa pili, ili punje zinyeshe mtumbwini. Punje zilinyesha kweli. Manyoya ya maganda nayo yakamwingia shingoni, kwapani na machoni, na viwavi vya mpunga vikamng'ata kiunoni bila adabu. Hayo alikuwa ameyazoea tangu utoto. Ila kukaa na mwanamume mzima muda wote huo, mnasikilizana pumzi, naye asiseme hata "leo jua kali," hilo lilimshinda.

"Hepan," aliita bila kugeuka.

"Mm."

"Una ulimi?"

Upondo ukazama, ukachomoka. "Ninao."

"Ahsante. Nilitaka kujua tu."

Huyu Hepan alikuwa Mdakota. Dada yake, Wanska, ndiye aliyeolewa na kaka yake Bineshi, na tangu harusi ile Hepan alikuwa haishiwi sababu za kuja kwa Waojibwe, watu wa Bineshi. Alikuja majira ya kuchemsha utomvu wa miti uwe sukari, eti kumjulia dada hali. Akaja matunda ya porini yalipoiva, eti amemletea dada ngozi. Safari hii amekuja mpunga ulipoanza kuiva, na sababu ilikuwa ya haki: Wanska alikuwa na tumbo kubwa, hawezi kusimama mtumbwini, mumewe amekwenda mbali kuvua samaki, na Bineshi hana wa kumsukumia upondo. Mpunga haungoji mtu. Upepo mmoja mkali, na chakula cha majira yote ya baridi kiko chini ya maji. Hivyo mama yake Bineshi, Asinikwe, alikuwa amekubali kwa kununa tu.

"Sukuma, usimtazame," ndivyo alivyoagiza, akimwambia Wanska amwambie kaka yake.

Agizo la kutotazama halikuwa na maana. Kila Bineshi alipogeuka kuchukua maji, aliyakuta macho ya Hepan pale pale, meusi, yametulia, yamejaa yeye mzima. Kisha yanakimbilia majini kama samaki aliyeona kivuli. Na moyo wake Bineshi, mpumbavu ule, unaruka. Halafu hakuna kitu. Mabua, upondo, kimya.

Mtu anaweza kumpenda mtu na wakati huo huo akatamani kumpiga kichwani na kijiti cha kupuria. Bineshi alikuwa ameligundua hilo majira ya sukari.

Mbele yao mabua yakatikisika, ukatokea mtumbwi wa mama yake. Shangazi alikuwa nyuma akisukuma, Asinikwe amekaa mbele na vijiti vyake, kichwa kimejaa manyoya ya mpunga kama kifaranga.

"Wewe kijana!" Asinikwe akapaza sauti. "Huo upondo au mwiko? Mbona unakoroga ziwa?"

Lilikuwa neno la mzaha, na kwa Asinikwe mzaha ulikuwa kitu adimu. Bineshi akageuka haraka kumtazama Hepan, akimsihi kwa macho: jibu, cheka, sema lolote.

Hepan akaugeuza uso. Hakugeuza kidogo, aliugeuza wote, akanyanyua mkono akajikinga na kiwiko kama mtu anayepigwa na moshi. Upondo ukazama topeni, ukanasa. Mtumbwi ukaendelea na safari yake, upondo ukabaki nyuma, na Hepan, aliyekuwa katikati ya hivyo viwili, ikabidi achague. Alichagua upondo. Mtumbwi ukalala ubavu, ukapanda juu ya mafungu ya mpunga ambayo Asinikwe aliyafunga kwa mikono yake kwa kamba za magome, na karibu nusu ya mavuno ya asubuhi ile yakamwagika majini.

Bineshi alibaki amekaa ndani ya maji yaliyoingia, kijiti mkononi. Nyuma yake Hepan alikuwa ameng'ang'ania upondo katikati ya ziwa kama mtoto wa dubu juu ya mti.

"Mnaona?" Asinikwe akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye alijua. "Nimemsalimia, kanipa kisogo. Ndani ya mpunga wangu mwenyewe!"

"Labda shingo inamuuma, wifi," shangazi akasema, akijitahidi asicheke.

"Inamuuma kila anaponiona mimi? Jana, shingo. Juzi nimemkuta njiani akaingia kichakani, miba yote ile. Leo, haya. Twende! Bineshi, ukimaliza kuoga uje ufukweni."

Wakaenda zao. Kicheko cha shangazi kilisikika muda mrefu baada ya mabua kuwafunika.

Maji pale yalimfika Hepan kifuani. Akaja akitembea, upondo begani, akaushika mtumbwi na kuanza kuyatoa maji kwa viganja. Bineshi alimwacha afanye. Kisha akalipuka.

"Kwa nini humsemeshi mama yangu?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Ni mtu mzima, amekusalimia! Tangu uje hujampa hata 'hujambo.' Unamletea kulungu, unamwacha mlangoni, unakimbia kama mwizi. Unajua anafanya nini na kulungu wako? Anamgawa kambi nzima, hata mbwa wanapata, ili asije akaambiwa amekula cha mtu. Mimi nimebaki kukutetea. Mama, ni mgeni. Mama, ni aibu tu. Mama, labda haelewi. Nimechoka, Hepan!"

"Mama yako kimekasirika sana?"

"Mama yangu si kitu! Si 'kimekasirika.' *Amekasirika.* Hilo nalo! Juzi ulimwambia shangazi kwamba mama yangu kinapika vizuri. Unafikiri halikufika?"

Hepan akafumba macho. Kiojibwe alifundishwa na dada yake, na palipokuwa na njia mbili za kusema jambo, yeye alipita ile yenye shimo. "Samahani," akasema. "Wanska hakuniambia."

"Basi niambie wewe. Kwa nini humsemeshi?"

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye misuko yake miwili ya nywele, na Bineshi alijilazimisha asiyatazame.

"Kwetu," akasema mwishowe, polepole, akichagua neno moja moja, "mwanamume hasemi na mama wa mke wake. Hamtazami usoni. Ni heshima. Kubwa kuliko zote."

"Najua, hata kwetu mtu humwonea haya mama mkwe wake. Lakini hiyo ni kwa..." Bineshi akakatika. Kereng'ende akatua kwenye ukingo wa mtumbwi, akaondoka. "Subiri. Mke yupi?"

Hepan akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi mchana.

"Wewe," akasema.

"Mimi ni mke wako?"

"Bado. Lakini..."

"Tangu lini?"

"Tangu sukari ya miti."

"Tangu sukari! Na mimi nilikuwa wapi? Mbona sikualikwa?"

"Nilipiga filimbi," akasema Hepan, na kwa mara ya kwanza sauti yake nayo ikawa na uchovu. "Jioni nyingi. Nyuma ya kibanda chenu."

"Ilikuwa nyuma ya kibanda cha shangazi, Hepan! Aliyetoka ni shangazi, akakumwagia maji! Sisi sote tulidhani unawinda bundi."

Akafungua kinywa, akakifunga. Wekundu ukampanda kutoka shingoni hadi masikioni. Siku nyingine Bineshi angemhurumia.

"Yaani umemposa mama yangu kwa kumkimbia," akasema. "Umemposa shangazi kwa filimbi. Mbwa wa kambi umewaposa kwa nyama. Aliyebaki ni mimi peke yangu. Panda. Tusukume twende."

Wakasukuma mpaka ufukweni.

Huko moshi wa kukaangia mpunga ulikuwa umetanda chini ya miti. Wanska alikuwa amekaa na tumbo lake, akipepeta kwa ungo wa magome, na makapi yakiruka na upepo. Asinikwe alisimama kwenye sufuria kubwa ya chuma, akigeuza mpunga kwa kasia ili usiungue. Hakuinua kichwa walipofika. Wanawake wengine wakapunguza sauti, maana habari ya mtumbwi ilikuwa imewahi kufika.

"Wanska," Asinikwe akasema. "Mwambie kaka yako namuuliza mpunga wangu uko wapi."

Wanska akamgeukia kaka yake, akamwambia kwa Kidakota. Hepan, uso umeelekea miti, akajibu kwa Kidakota hicho hicho.

"Anasema atalipia kwa kuvuna mafungu yako yote yaliyobaki, mama."

"Mwambie nitafurahi akiniambia mwenyewe."

"Mama, hawezi, ni kwa sababu..."

"Mama, nisikilize," Bineshi akaingilia. "Si kiburi. Nimeshajua. Ni..."

"Nyamazeni wote wawili."

Asinikwe akaliegemeza kasia. Akajifuta mikono. Akatembea hadi alipokuwa Hepan, akasimama nyuma ya kisogo chake, na akasema naye kwa Kidakota, safi, bila kujikwaa hata mara moja.

Ungo ukamtoka Wanska mikononi. Mpunga ukasambaa mapajani mwake.

"Mama! Unajua Kidakota?"

"Mimi ni wa ukoo gani?" Asinikwe akamuuliza.

"Mbwa Mwitu," Wanska akasema kwa sauti ndogo. Ndio ukoo wanaopewa watoto ambao baba zao ni Wadakota, na kila mtu kambini alilijua hilo. "Lakini walisema ulikuwa mdogo. Walisema umekisahau."

"Wao walisema, mimi sikusema. Nimekisikia chote, mwanangu. Hata ile ya kwamba nakoroma kama dubu aliyelala na njaa."

"Nilisema kwa mapenzi, mama."

"Najua. Geuza mpunga, unaungua." Akarudi kwa Hepan, na safari hii akasema kwa Kiojibwe, wote wasikie. "Nimemwambia hivi. Ukinijibu, basi mimi si mkwe wako, ni mama wa watu tu. Utakula mpunga wetu, utatuaga, utakwenda zako. Usiponijibu, unatangaza mbele ya wanawake hawa kwamba binti yangu ni wako, na mimi sijampa mtu. Haya. Chagua."

Jasho lilimtoka Hepan. Bineshi aliliona likitelemka shavuni. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka kuwashika wawili hao vichwa na kuvigonganisha.

"Mama, unamwonea. Kaka alipomleta Wanska hukusema neno!"

"Wanska alikuja akakaa." Sauti ya Asinikwe ilikuwa imeshuka. "Mwanamume anayekuja, huja na njia yake ya kurudi mkononi. Baba yangu alikuwa mtu mwema, Bineshi. Sitaki mtu aseme vingine. Aliondoka majira kama haya, mpunga ukiwa haujapepetwa, akasema anakwenda kuwinda kulungu na watu wake na atarudi theluji ikianza. Labda vita kati ya watu wake na wetu vilimziba njia, labda alikufa. Hatukuambiwa. Mama yangu alimtengea mpunga wake kila mwaka, kwenye kapu lake, na kila majira ya kuchipua tuliula sisi, yeye akitazama kando. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuangalia njia." Akavuta pumzi. "Na huyu mzigo wake umeshafungwa. Nimeuona kwa Wanska. Watu wake wanamngoja kwa uwindaji. Namuuliza jambo moja tu. Utarudi? Nalo hataki kulijibu."

Hata shangazi hakucheka.

Hepan akasimama pale kidogo, kichwa chini. Kisha akaondoka. Aliwapita wote, akaingia kibandani kwa dada yake, akatoka na ule mzigo: blanketi lililoviringishwa, bunduki, mitego, viatu vya ngozi vya akiba, filimbi imechomekwa ubavuni. Anakwenda, Bineshi akawaza. Amechagua, naye anakwenda sasa hivi.

Lakini Hepan hakushika njia. Akazunguka sufuria kwa mbali, macho yake yakiwa yameuepuka kwa uangalifu uso wa Asinikwe, akainama mlangoni mwa kibanda cha Asinikwe mwenyewe, na akauweka mzigo ndani. Walimsikia akiufungua. Akaning'iniza bunduki kwenye mti wa dari. Akalitandaza blanketi. Akatoka mikono mitupu, akasema na Wanska kwa Kidakota, maneno machache.

Wanska alikuwa analia. "Anasema watu wake wapelekewe habari kwamba wawinde bila yeye. Anasema atawinda upande huu, baridi hii, na baridi ijayo, na zile zote zitakazofuata. Anasema kapu asitengewe. Atakula na wengine."

Asinikwe akautazama mlango wa kibanda chake muda mrefu. Midomo yake ilicheza. Halafu akavuta shali kutoka mabegani, akaipandisha kichwani, akajifunika uso, na akampa Hepan kisogo.

Mguno mdogo ukapita kati ya wanawake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hivyo ndivyo mama mkwe anavyofanya mbele ya mkwe wake.

Furaha ilimpiga Bineshi kifuani kwa nguvu hata akashika mti. Ikakaa hapo kama pumzi moja. Halafu akawaona wote: mama ndani ya shali, Wanska na machozi yake, shangazi anatikisa kichwa kwa kuridhika, Hepan anatazama vidole vyake vya miguu, wamekwisha kupatana vizuri kabisa. Na hasira yote ya asubuhi ikarudi na jamaa zake.

Akaingia kibandani. Likatoka blanketi. Ikafuata mitego, ikilia chwala chwala. Vikatoka viatu vya akiba, na mbwa mmoja akachukua kimoja akakimbia nacho. Bunduki aliitoa kwa mikono miwili akaiegemeza mlangoni kwa adabu, maana bunduki ni bunduki.

"Hapa hakuna mkwe," akasema, akihema. "Hakuna mkwe kwa sababu hakuna mke. Mmeposana ninyi kwa ninyi. Nani ameniuliza mimi?"

Akashuka kwenda majini.

"Jamani!" Sauti ya Asinikwe ilitoka ndani ya shali. "Tangu majira ya sukari simtaki kijana, ananinunia. Nimekubali, sasa yeye anakataa! Mtoto huyu atanizika!"

Bineshi aliinama kwenye mtumbwi, akaanza kukusanya punje zilizolowa zilizonata kwenye magome. Alisikia nyayo zikishuka. Hakugeuka.

"Umekuja kumtazama samaki?" akauliza.

"Hapana."

"Basi mama yangu yuko kule juu, kamkimbie."

Hepan akachutama upande wa pili wa mtumbwi, naye akaanza kuokota punje. Vidole vyake vikubwa viliokota vibaya. Wakaokota pamoja, mpaka Bineshi akachoka kungoja.

"Majira yote ya sukari," akasema, "nilibeba maji ya miti nikipita mbele yako. Palikuwa na njia mbili za kupita, nilichagua ile yako. Nikingoja useme neno. Moja tu, hata baya."

"Kwetu neno likitoka halirudi," Hepan akasema. "Niliogopa litoke, lisipokewe. Nikasema nitaweka kila kitu tayari kwanza, kisha ndio lije."

"Na mimi ningelipokeaje bila wewe kulitoa?"

Akafikiri. "Hilo sikulifikiria."

Bineshi akacheka, kwa hasira, na machozi yakamtoka humo humo. Alipoinua uso, macho yale meusi yalikuwa juu yake, na safari hii hayakukimbia.

"Bineshi," akasema. "Sitaki kuishi mahali usipokuwepo. Na sitaki kukutoa ulipo. Unanitaka nikae?"

Jibu lilitoka, lakini lilikuwa dogo.

"Sikusikia," Hepan akasema, kwa dhati kabisa.

"Nimesema NDIYO!" Bineshi akapiga kelele. "Ndiyo, ndiyo! Una masikio ya nini?"

Ndege wa majini wakaruka kutoka kwenye mpunga. Juu ufukweni Wanska, tumbo na yote, akapiga kigelegele cha kwao cha Kidakota, na wanawake wote wakamjibu. Bineshi akaziba uso kwa mikono miwili. Alihisi mkono wa Hepan, wa baridi, umejaa manyoya ya mpunga, ukimshika kiganja na kukishusha polepole.

"Wanska!" Asinikwe akaita, na hata kupitia shali ilisikika kwamba amekasirika na mambo mengi mno kwa pamoja. "Mwambie mkwe wangu kuni zimekwisha. Na huyo binti yangu umwambie mpunga hautajipura wenyewe. Waposane wakifanya kazi."

Hepan alikuwa ameshasimama, anakimbilia kuni, uso ameugeuzia kando, na kwa hiyo hakuiona sufuria ya mpunga iliyokuwa njiani mwake.